Kipimo kimoja, draiva tatu: nilivyoziba mwanya

Mashine za tiketi tunazounda hapa Ngong Road, Nairobi, zinatumia mfumo endeshi wa Linux. Draiva tatu (programu zinazoendesha vifaa kama printa) zilitegemea fanksheni moja ya kuhakiki maombi: mwanzo wa baiti zinazoombwa ukijumlishwa na urefu wake, jibu lisizidi ukubwa wa bafa, yaani eneo la kumbukumbu linaloshika data kwa muda. Ukiisoma haraka, iko sawa. Lakini namba ya biti 32 isiyo na alama (isiyoweza kuwa hasi) hufika 4,294,967,295 tu, ukiongeza 1 inarudi sifuri. Anayeanzia 4,294,967,290 na kuomba baiti 10 anapata jumla ya 4, na anapita ingawa yuko nje ya bafa.

Mwenzangu alitaka kila draiva ijilinde yenyewe. Nikakataa, maana draiva ya nne itakuja na itasahaulika. Nilibadilisha palepale pa pamoja: mwanzo usizidi ukubwa, kisha urefu usizidi ukubwa ukitoa mwanzo. Keneli, yaani kiini cha Linux, ina check_add_overflow ya kugundua jumla iliyozidi kikomo, ila kutoa kunasomeka vizuri zaidi, kwa maoni yangu.

Kazi hasa ilikuwa kupitia kila draiva inayoiita fanksheni hiyo. Ya printa ilihakiki urefu, halafu ikausoma upya kutoka kumbukumbu ya programu, ambayo ingeweza kuubadilisha katikati. Sasa inanakili mara moja, inahakiki nakala, na inatumia nakala hiyohiyo. Ombi baya linarudishiwa EINVAL, msimbo wa kosa unaosema ombi si halali.