Ngiri kwenye Mazizi ya Mkwaja

Kutoka Pangani hadi Mkwaja sina la kusimulia ila bei. Gari la kukodi laki mbili na nusu kwa siku, mafuta juu yangu, na kiti kimechanika hadi chuma kinamchoma mtu kiunoni. Nililipa kwa sababu nilitaka kuiona sehemu ya kaskazini ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani, ile iliyokuwa ranchi ya ng'ombe ya Mkwaja. Wageni wengi huishia ufukweni, au kwenye Mto Wami kutazama viboko. Huku hatukukutana na gari hata moja tangu asubuhi.

Mchana tukakwama. Mvua ya usiku ilikuwa imelowesha udongo mweusi wa mbuga, na tairi la nyuma likazama hadi ekseli ikalala chini. Dereva akashusha koleo. Mimi na mzee wa kijijini tuliyemchukua atuonyeshe njia, mtu aliyechunga ng'ombe wa ranchi ile ujanani, tukashuka kumpunguzia gari uzito. Mbung'o wakatupokea. Wadudu hawa wanauma juu ya shati, na ukimpiga kofi anaruka, anarudi palepale.

"Hawa ndio walioifunga ranchi, mwanangu," mzee akasema. "Sindano, dawa, sindano, na ng'ombe bado wanakonda wanakufa."

Ranchi ilianzishwa miaka ya 1950 na ikafuga maelfu ya ng'ombe katikati ya mbung'o, wadudu wanaoeneza nagana, ugonjwa wa mifugo. Gharama ya dawa ikazidi faida. Ilipofungwa mwaka 2000, ardhi yake iliunganishwa na pori la akiba la Saadani lililokuwa jirani, na mwaka 2005 eneo lote likatangazwa kuwa hifadhi ya taifa.

Dereva akiendelea kuchimba, niliona mbele yetu uwazi katikati ya majani marefu na migunga. Nyasi zake zilikuwa fupi, za kijani kibichi, kama uwanja wa mpira wa shule. Ngiri mmoja alikuwa amepiga magoti anakula, watoto wake nyuma yake, na mbali kidogo walisimama kuro, wale wa jamii ya swala. Nikamuuliza mzee nani anafyeka pale.

"Hapo palikuwa zizi. Ng'ombe walilala hapo."

Nilisimama kwenye tope lile nikimsikiliza kwa muda mrefu, na sijutii. Mchana ng'ombe walikula pori zima. Usiku wakafungwa mahali pamoja, wakaacha pale samadi na mkojo. Miaka nenda rudi, rutuba ya eneo kubwa ikahamishiwa kwenye viwanja vidogo. Ng'ombe walipoondoka, ukoka, nyasi ile fupi, ulikuwa umeshatawala, na wanyamapori wakaufuata kwa sababu una lishe kuliko majani makavu ya pembeni. Wanaula, unabaki mfupi. Wanaacha kinyesi, unazidi kunawiri. Watafiti waliokuja baada ya ranchi kufungwa waliyaandika haya. Mzee ameyajua kwa macho.

Nje ya zizi hali ni nyingine. Ng'ombe walipokuwa wanamaliza majani, moto wa kiangazi ulikosa cha kuchoma, na miche ya migunga ikapona na kukua. Sasa imesongamana. Jamii ile ina miiba iliyovimba yenye sisimizi ndani, na ukigusa tawi wanamiminika mkononi. Kufungwa kwa ranchi hakukuing'oa. Anayedhani shamba likiachwa litarudi lilivyokuwa kabla ya jembe na mifugo, aje Mkwaja: ng'ombe wameondoka zaidi ya miaka ishirini, na bado nyayo zao ndizo zinazoamua ngiri ale wapi.

Jioni askari wa hifadhi wakapita na gari lao, wakatuvuta kwa kamba. Dereva akadai nauli ya siku ya pili kwa kuwa tumechelewa. Gari lake, tairi zake zilizokwisha, na hela yangu! Nimelipa, lakini kinaniuma mpaka leo.

Njiani nilikuwa nawaza kwetu Muheza. Nyuma ya nyumba ya bibi kuna shamba la mkonge lililoachwa kabla sijazaliwa. Pori limeota kweli, lakini wanaotoka humo ni ngedere na nguruwe wanaomaliza mahindi yetu. Kuro hawana pa kutokea, maana pande zote ni mashamba na nyumba, wakati Mkwaja ilikuwa na Saadani ubavuni ikiwa na wanyama tayari. Sasa kijiji kinataka kuligawa shamba lile lote. Mimi nitaomba kwenye mkutano bonde la mto lisiguswe, kwa ajili ya maji yetu na ndege waliorudi kutaga humo, na nguruwe tupewe namna ya kuwazuia, kwa sababu bibi hawezi kulala shambani akigonga debe kuwafukuza kila usiku.