Kiti namba nane

Taa ndizo zilizotangulia kutuambia. Zilinywea, zikarudi, zikanywea tena, na chini yetu mlio wa jenereta ukawa unapanda na kushuka kama mtu anayepigania pumzi. Kwa fundi wa dizeli kama mimi mlio huo mara nyingi humaanisha jambo moja: injini inanyimwa mafuta. Haukupita muda ikazima, breki ikabana kwa kishindo, na kiti chetu cha gurudumu la bembea kikabaki kikining'inia mita 12 na ushei juu ya uwanja, hatua moja, yaani nafasi ya kiti kimoja, kabla ya kilele.

Ilikuwa Mombasa, siku ya pili ya Idi, Septemba 2009. Mwaka ule mvua zilikuwa zimegoma, mabwawa ya Mto Tana yamepungua maji na stima ilikuwa ya mgao, kwa hiyo kila aliyeleta bembea au mashine ya aiskrimu uwanjani alikuja na jenereta yake. Mimi nilikuwa nimempandisha mpwa wangu wa miaka tisa. Magharibi ilikuwa imeadhiniwa punde, na mzee mwenye kulisimamia gurudumu alikuwa amekwenda kuswali, akawaachia kazi vijana watatu.

Gurudumu lenyewe lilikuwa la kawaida kwa sikukuu: viti 12 vimening'inizwa kwenye ringi mbili, nusu kipenyo mita 6, ekseli iko mita 7 hivi kutoka chini. Mota ya umeme na giaboksi vilizungusha tairi dogo la gari, na tairi hilo likaisukuma ringi kwa kuibana tu, bila mnyororo wala meno. Breki ilikuwa ya springi. Watu wengi hudhani breki ya chombo kama hiki hushikwa na umeme, na umeme ukikatika gurudumu litateleza. Ni kinyume chake: springi hubana wakati wote, na umeme kazi yake ni kuiachia. Umeme ukienda, breki inashika yenyewe. Ndiyo maana kusimama juu gizani, peke yake, si hatari. Kizuizi cha mbele ya mapaja kilikuwa kimefungwa kwa pini upande wa nje, pale mkono wa mtoto usipofika, na upepo wa kusi ulikuwa umetulia. Nilimwambia mpwa wangu aweke mikono yote miwili kwenye kizuizi na asitikise kiti.

"Mjomba, stima imekwenda?"

"Imekwenda. Kaa vivyo hivyo."

Kiti kilichokuwa nyuma yetu kijana mmoja alikwisha kutoa mguu nje, anataka kuteremka kwa kushika vyuma. Nilimpigia kelele aurudishe. Kiti kimetundikwa kwenye ekseli ndogo juu ya vichwa vya waliokaa. Uzito ukiegemea upande mmoja kinainama, na mwenzake aliyebaki ndani ndiye anayemwagika.

Vijana wa chini walifanya kosa lao la kwanza kwenye jenereta. Walipiga starta, ikazunguka bila kushika. Wakapiga tena, na tena, kila mara kwa nusu dakika nzima, hadi betri ikabaki inatoa mlio wa tik-tik tu. Injini ya dizeli iliyoingia hewa kwenye mpira wa mafuta haiwaki kwa ubishi. Pampu inasukuma, lakini hewa hubonyea, mafuta hayabonyei. Kwenye nozo, inayopuliza mafuta ndani ya silinda, hakufiki msukumo wa kufungua hata tone. Betri ingekufa mara kumi na hali ingekuwa ile ile.

Kosa la pili ndilo lililonifanya nikumbuke namba ya kiti chetu mpaka leo. Akina mama walikuwa wamekusanyika jukwaani, pale pa kupandia na kushukia, wanaitana na watoto wao, na vijana wakaamua kutushusha kwa mkono. Hilo linawezekana, na mkono wa breki upo kwa kazi hiyo: ukiuinua springi zinaachia, ukiushusha zinabana. Kamba nene ya katani ilifungwa kwenye ringi, wawili wakaishika wakisaidiwa na mpita njia, wa tatu akakaa kwenye mkono wa breki. Kiti namba 1 kilikuwa karibu na jukwaa, wakakivuta nusu mita na kuwatoa waliokuwemo. Kisha wakakileta cha 2, wakakimwaga. Kisha cha 3. Wanashusha kwa foleni, kama wanavyoshusha siku zote mota ikiwa hai.

Gurudumu ni mizani. Likijaa watu sawasawa, kila kiti kinapimwa na mwenzake wa upande wa pili: cha 1 na cha 7, cha 2 na cha 8, cha 3 na cha 9, na mtu mmoja anaweza kulizungusha kwa mkono. Ukitoa watu wa viti vitatu vinavyofuatana, upande ule umekuwa mtupu na upande unaoukabili umebaki na mzigo wote. Tuseme kiti chenye watu wawili kina kilo 130. Cha 3 kikiwa jukwaani kitupu na kuanza kupanda, cha 1 na cha 2 navyo viko juu yake vitupu. Kufikia hatua moja tu mbele, pengo hilo linavuta ukingoni kwa nguvu ya kilo 300 na zaidi. Watu watatu wenye kamba, wamevaa kanzu na makubadhi ya sikukuu, hawana kilo 300 mikononi.

Nilipowaona wanakimwaga cha 3 nilipiga kelele, "Acha! Usiinue!" Muziki wa bembea ya jirani ukanimeza.

Aliyekuwa kwenye breki akainua. Kwa hatua ya kwanza gurudumu lilijongea taratibu, kwa ya pili likachapuka, kamba ikawatoka mikononi na kuwachubua. Kiti cha 4 kikapita jukwaani na watoto wawili ndani, na mama mmoja akanyoosha mikono kukidaka. Bahati njema alivutwa nyuma na mtu. Kiti cha 5 nacho kikapita. Sisi tulikuwa tumeshavuka kilele na tunaanguka mbele, tumbo limebaki juu. Yule kijana akauachia mkono wa breki kwa woga, na woga wake ukawa ndio akili: springi zikabana, chuma kikalia, viti vyote vikapiga bembea ya nguvu mara tatu nne. Tulisimama usawa wa ekseli, mita 7 juu. Breki haikuwa na kosa lolote usiku ule. Ilishika kila ilipoachiwa ishike.

Hapo ndipo mzee alipofika, kofia bado mkononi. Hakupiga kelele. Alimwondoa kijana kwenye mkono wa breki, akaangalia juu akihesabu vitupu kwa kidole, kisha akawauliza vijana wametoa watu wa viti vya ngapi. Alipoambiwa, akasema: "Basi nane. Gurudumu lenyewe linamtaka nane. Shusheni anayetaka kushuka."

Kiti namba 8 kilikuwa chetu. Si kwa heshima wala kwa kilio cha mtoto, bali kwa sababu vitupu vilikuwa 1, 2 na 3, katikati yao ni 2, na anayetazamana na 2 ni 8. Ukiliachia gurudumu lile bila breki kabisa lingeyumba kwenda na kurudi kama timazi na mwishowe kutulia na 8 chini. Kwa hiyo kazi haikuwa kulivuta, ilikuwa kulichelewesha. Mzee aliinua mkono wa breki kwa upana wa vidole viwili, akaushusha, akainua, akaushusha, na kila mara tukateremka kama mita moja na kusimama. Katikati alisita zaidi ya dakika nzima. Baadaye aliniambia alikuwa anaupumzisha mkanda wa breki upoe, maana ukipata moto huanza kuteleza. Cha 6 na cha 7 vikapita jukwaani navyo, watu wake wakilalamika kwa haki kwamba wao walikuwa karibu zaidi. Aliwaambia watulie, zamu yao inakuja.

Alipotutoa, kazi ngumu ilikuwa moja tu: kulirudisha gurudumu nyuma hatua moja ili 7 kikae jukwaani, kinyume na linakotaka kwenda. Palihitajika wanaume watano kwenye kamba, nami nikiwa mmoja wao, na mzigo ulikuwa kama wa gunia kubwa la mahindi. Baada ya kumwaga 7, kitupu kisicho na mwenzake kilibaki kimoja, cha 3, na 9 anayemkabili akaja chini mwenyewe kwa breki tu. Tangu hapo mizani ikawa sawa na vijana wawili wakatosha. Mzee aliita namba: 10, kisha nusu mzunguko kwa 4, hatua moja, 5, kisha nusu mzunguko kwa 11, hatua moja, 12, kisha nusu mzunguko kwa 6. Kila kiti kilichotolewa watu kilimwita wa upande wa pili, na ukimtoa huyo gurudumu likalegea, unalisukuma utakako. Hesabu za kilo zilikuwa za kukadiria, maana kiti kimoja kilikuwa na mabinti wadogo wawili na kingine kina kijana na mama yake mnene, lakini mpangilio uleule ulifanya kazi. Tangu jenereta izime mpaka kiti cha mwisho zilipita dakika 50 hivi.

Nilimwacha mpwa wangu kwa muuza karanga nikaenda kwenye jenereta. Ilikuwa ya kVA 20, silinda tatu. Kijiti cha kupimia kilionyesha nusu tangi, na hilo ndilo lililokuwa limewachanganya vijana: mafuta yapo, injini haiwaki. Nilifungua kikombe cha chini ya filta, yakatoka matone machache na kukauka. Mafuta hayakuwa yanafika hata hapo. Nikachomoa mpira upande wa tangi. Badala ya dizeli kububujika, palidondoka tone baada ya tone. Tukayatoa mafuta ya tangi kwenye debe, nikaingiza waya uliopindwa ncha, nikatoa kipande cha kanga kikubwa kama kiganja. Mfuniko wa tangi ulipotea siku nyingi, wakawa wanaziba kwa tambara, na kipande kimelowa, kimekatika, kimezama na kuvutwa mpaka kwenye tundu la kutokea.

Yaliyobaki ni ya kila siku. Mafuta yalirudishwa tangini kupitia kitambaa safi. Nililegeza skrubu ya hewa juu ya filta, nikapampu kwa kidole gumba kwenye mkono mdogo wa pampu hadi mapovu yakaisha na dizeli ikatoka imeshikana, nikakaza. Kisha nati za mabomba ya nozo, zote tatu, nusu mzunguko kila moja. Tukaazima betri ya pikapu. Starta sekunde kumi, pumzika nusu dakika, starta tena. Mara ya tatu mafuta yakaruka kwenye nati ya kwanza, nikaikaza, injini ikakohoa, nikakaza ya pili na ya tatu ikiwa inazunguka kwa kusuasua, mara ikashika.

Taa zikawaka zote kwa pamoja. Mzee alilizungusha gurudumu tupu mizunguko sita akisikiliza breki, akalizima, akafunga kamba jukwaani kuonyesha kwamba kwa usiku ule basi. Mpwa wangu alikuja ameshika karanga, akamwendea moja kwa moja.

"Babu, mimi nililipia mizunguko minane. Tumekwenda minne."

Mzee akaingiza mkono mfukoni kutafuta sarafu.