Papa mdogo, chombo chembamba

Wiki nzima nilikwenda kazini na mkono uliochunika kuanzia kiganjani hadi karibu na kiwiko, na kila aliyeniuliza nikimjibu ni papa, anacheka. Papa mwenyewe hakufika hata sentimita 60. Wala hakuniuma.

Mimi ni mtu wa Unguja, ninaishi Portsmouth, kusini mwa Uingereza. Kayaki yangu, mtumbwi mwembamba wa kupiga kasia, ni ya plastiki, ile ya kukalia juu, na ninaishushia Hayling Island, kisiwa cha jirani tu. Nimekulia kwenye ngalawa, kwa hiyo nilijiona najua. Nilisahau kwamba ngalawa ina matengo, zile mbao za pembeni za kuishika huku na huku. Kayaki haina kitu. Ukiinama upande kumfuata samaki, nayo inakufuata.

Aliyenichuna ni yule ambaye huku wanamwita dogfish, yaani samaki mbwa. Ni papa mwembamba wa rangi ya mchanga, mwenye vidoa vingi vya kahawia, mvivu kwenye mshipi kiasi kwamba unadhani umenasa mwani. Nilimnyanyua, nikamshika nyuma ya kichwa kama ninavyomshika changu. Kufumba na kufumbua akajipinda, akauzungusha mwili wake wote kwenye mkono wangu kama nyoka, akakaza, kisha akaanza kujisugua. Ngozi ya papa ukiipapasa kutoka kichwani kwenda mkiani ni laini; ukirudi nyuma ni msasa mtupu. Nikavuta mkono kwa nguvu, na hilo ndilo kosa lililonimenya.

Siku nyingine, ufukweni, mzee mmoja mvuvi aliutazama mkono wangu akajua palepale. Alinionyesha kwa kutumia taulo lililokunjwa: unaleta mkia hadi kichwani, unavishika vyote viwili kwa kiganja kimoja, mkia ukilala ubavuni mwa kichwa. Samaki anakuwa kama kitanzi, hana pa kujizungushia. Mkono wa pili unabaki na koleo. Vidole viwe mbali na matamvua. Tangu siku hiyo sijachunika, na kumtoa ndoana ni kazi ya sekunde chache, hasa baada ya kukibana kile kijino cha ndoana kwa koleo kikalala.

Lakini kuna mbwa mwingine (Waingereza hawa papa wao wengi wamewapa majina ya mbwa), naye ni smoothhound. Huyu hakunjiki. Ana madoa meupe mgongoni kama nyota, anafika kilo nne au tano bila shida, na anakwenda kama amekumbuka kitu alichokisahau nyumbani. Anakuja karibu na pwani wakati wa kiangazi kufuata kaa, na meno yake ni bapa, ya kusaga magamba, kwa hiyo kidole hakikatwi, ingawa kubanwa utabanwa. Chambo changu ni kaa aliye karibu kujivua gamba. Hakuna kingine.

Wa kwanza aliuvuta mshipi kwa ubavuni, nikasikia maji ya baridi yakipanda pajani. Nilinusurika kwa kuitumbukiza miguu yote miwili baharini, mmoja huku na mmoja kule. Ndiyo matengo yangu. Siku hizi miguu inaingia majini mapema, na fimbo ya kuvulia naielekeza mbele ili mshipi upite juu ya omo. Akivuta, anaivuta kayaki pamoja nami, na kuivuta kunamchosha. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, siendi kabisa upande wa mlango wa bandari ya Langstone, maana mkondo wa pale haufanyiwi mchezo hata kama hukushika samaki.

Akishachoka simpandishi. Namlaza ubavuni mwa kayaki, angali majini, natoa ndoana, namwachia. Nikitaka kumpima, namwinua kwa mikono miwili, mmoja chini ya kifua na mmoja karibu na mkia. Kumning'iniza kwa mkia ni kumuumiza: papa hana mbavu za kushikilia matumbo yake, akining'inia yanaporomokea upande wa kichwa. Na majike makubwa huenda yana vitoto tumboni, kwani smoothhound hatagi, anazaa.

Picha ya smoothhound mmoja wa kilo nne nilimtumia mama. Akanipigia simu hapohapo.

"Mwanangu, huyo papa umeshamtia chumvi?"

"Nimemrudisha baharini, mama."

Kimya. Kisha nikamsikia akimwambia mtu aliyekuwa naye jikoni, "Papa mzima kamrudisha. Na juzi kaniomba nimpelekee ng'onda."