Chembe za dhahabu katika mifereji myembamba: kuta kwanza, kasi baadaye

Njia ya chupani inayojulikana zaidi ya kutengeneza chembe za dhahabu za ukubwa wa nanomita ni ile iliyoelezwa na Turkevich na wenzake mwaka 1951, ambapo mmumunyo wa chumvi ya dhahabu huchemshwa, sitreti (kemikali inayoigeuza chumvi hiyo kuwa metali) ikatiwa, na baada ya dakika chache maji yakawa mekundu. Kasoro yake ni kwamba mara nyingi chembe za leo hazilingani na za jana, kwa kuwa viini, yaani vijichembe vya mwanzo, havizaliwi kwa wakati mmoja: vingine vinaanza huku vilivyotangulia vimekwisha kukua. Mfereji mwembamba huahidi kuondoa tofauti hiyo.

Ndani yake maji hayavurugiki. Mikondo miwili, mmoja wa chumvi ya dhahabu na mwingine wa kemikali ya kuigeuza, hupita sambamba, na molekuli huvuka kwa kusambaa tu. Katika upana wa mikromita 100, molekuli ndogo huhitaji takriban sekunde 10. Katika mikromita 10 huhitaji sehemu ya kumi ya sekunde, kwa kuwa muda hufuata mraba wa upana. Watafiti wengi, basi, hushindania kasi ya kuchanganya.

Kwa maoni yangu, tatizo kubwa zaidi liko ukutani. Maji yaliyo karibu na ukuta huenda polepole kuliko ya katikati, hivyo chembe zake hukaa muda mrefu zaidi na kukua kupita wenzake. Baya zaidi, dhahabu huganda ukutani, na doa dogo la rangi ya waridi likishaonekana penye makutano ya mikondo, metali mpya hujishikiza hapohapo. Mfereji unabadilika, na vipimo vya asubuhi havifai tena jioni. Kuutafutia hali bora mfereji wa namna hiyo ni kazi bure.

Ndiyo sababu napendelea matone ya maji yanayobebwa na mafuta, kwani mafuta ndiyo yanayogusa ukuta na kila tone hujizungusha na kujichanganya lenyewe. Ukitumia sodiamu borohaidraidi badala ya sitreti kuigeuza chumvi kuwa metali, ongeza sodiamu haidroksidi kidogo, la sivyo viputo vya hidrojeni vitavuruga mpangilio wa matone.

Baada ya hapo programu ya kompyuta inaweza kuachiwa irekebishe uwiano wa mikondo na halijoto kwa kusoma wigo wa mwanga, yaani kiasi cha mwanga kinachofyonzwa katika kila urefu wa wimbi. Isitegemee mahali pa kilele, yaani urefu wa wimbi unaofyonzwa zaidi, peke yake, maana kwa chembe za mviringo za nanomita 10 hadi 20 kilele husogea kidogo sana, kikibaki karibu na nanomita 520. Upana wake nao uhesabiwe, na sampuli chache zipelekwe kwenye hadubini ya elektroni kabla ya kuyaamini matokeo.