Muwasho usio na upele: dawa za dukani zilivyoliumiza ini langu

Kilichonipeleka kwa daktari ni kuwashwa. Hakukuwa na upele wala kidonda, ni muwasho tu ulioanzia viganjani na kwenye nyayo, ukishika kasi kila nikipanda kitandani, hadi nikawa nalala nimevaa soksi mikononi nisije nikajichuna ngozi. Mkojo ulikuwa umeiva kama chai ya rangi na choo kimepauka. Macho yalikuja kuwa ya njano baadaye.

Kwenye majibu ya damu, bilirubini (rangi ya njano ambayo ini huitoa kupitia nyongo) ilikuwa juu na ALP juu zaidi, huku ALT ikiwa imepanda kidogo tu; hivi viwili ni vimeng'enya vinavyopimwa kuangalia hali ya ini. Daktari alinifafanulia kwamba ALT hupanda sana chembe za ini zenyewe zikiumia, lakini ALP ikiongoza namna ile, shaka huelekea kwenye njia za nyongo. Ultrasaundi haikuonyesha mawe wala mirija iliyotanuka. Homa ya ini B na C sikuwa nazo.

Ndipo akauliza swali ambalo mpaka leo namsifu nalo. Hakuniuliza natumia dawa gani. Aliniuliza, "Mgongo ukikuuma unameza nini? Na mafua? Na usingizi ukikataa?" Akaniagiza nirudi na kila pakiti iliyomo nyumbani.

Tulizimwaga mezani: ibuprofeni ya mgongo, vidonge vya mafua, vidonge vya maumivu vya usiku, na chupa ya vidonge vya mitishamba vilivyoandikwa "husafisha ini" (humo ndani mna majani ya chai ya kijani yaliyokamuliwa na kukolezwa, kitu ambacho chenyewe kimewahi kuumiza maini ya watu). Parasetamoli ilikuwamo kwenye pakiti mbili zenye majina tofauti kabisa. Kwa mtu mzima mwenye afya kikomo chake ni gramu 4 kwa siku, na ukimeza bidhaa mbili bila kusoma maandishi madogo, unakifikia upesi.

Hata hivyo, parasetamoli ikizidi huua chembe za ini, na ALT hupaa. Picha yangu haikuwa hiyo. Aliyeshukiwa zaidi ni ibuprofeni, ambayo kwa nadra sana huweza kuharibu vijirija vidogo vya nyongo ndani ya ini, hata kwa mtu aliyefuata dozi ya kwenye pakiti. Hakuna kipimo cha damu kinachomtaja mhalifu kwa jina. Daktari huondoa sababu nyingine moja moja, hulinganisha tarehe, kisha husimamisha dawa. Zangu zote zilisimamishwa siku ileile.

Kazi iliyobaki ilikuwa kuishi na muwasho. Nilipewa kolestiramini, unga unaokorogwa kwenye maji na kunasa asidi za nyongo tumboni. Ladha yake ni mchanga mtupu. Nilielekezwa kuunywa wakati wa kifungua kinywa, maana usiku kucha nyongo hujikusanya kwenye kifuko chake na asubuhi humwagika kwa wingi. Unga huo hunasa dawa nyingine pia, kwa hiyo vitamini zangu nilizimeza saa 1 kabla yake, au zaidi ya saa 4 baadaye. Zilihitajika kwa sababu bila nyongo, vitamini A, D, E na K hazifyonzwi vizuri, na K ikipungua damu inachelewa kuganda. Maji ya baridi, losheni yenye mentoli, kucha fupi na shuka za pamba vilinisaidia kuliko vidonge vya mzio, ambavyo viliniletea usingizi tu.

Bilirubini ilishuka kwanza. ALP iliburuta miguu kwa miezi, na daktari alishasema kwamba ikigoma kabisa, atatoa kipande kidogo cha ini kwa sindano aone vijirija vimebaki vingapi. Ilishuka kabla ya kufika huko.

Mgongo bado unauma. Kwa ruhusa yake natumia parasetamoli isiyochanganywa na kitu, isizidi gramu 2 kwa siku, na kwenye faili langu ibuprofeni imeandikwa kuwa ni marufuku.