Bi Jaquotot na rangi isiyochujuka

Mimi ni fundi wa kuandika majina kwenye mitumbwi, pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza. "Mungu Hapangiwi", "Asante Mama", na mteja akiongeza hela namchorea na sangara ubavuni. Rangi ya mafuta, hata uinunue ya bei mbaya, jua na maji ya ziwa havina huruma nayo. Tajiri anarudi: "Fundi, samaki wangu mbona kapauka?"

Ndiyo maana niliposoma habari za Marie-Victoire Jaquotot nilimwonea wivu wa kikazi. Mama huyu alizaliwa Paris mwaka 1772, akaja kuwa mchoraji hodari wa kiwanda cha Sèvres, Ufaransa, cha kauri, yaani vyombo vyeupe vya udongo uliochomwa. Mkurugenzi wake, Alexandre Brongniart, alikuwa mtaalamu wa miamba na kemia. Aliona picha za mafuta zinafifia na kupasuka, akataka kazi za magwiji zinakiliwe juu ya kauri zipate kudumu. Jaquotot akapewa picha za Raphael, mchoraji gwiji wa Italia ya zamani. Mfalme Louis XVIII wa Ufaransa akamfanya mchoraji wake wa kauri.

Sasa rangi yenyewe. Si ya kopo. Ni madini yaliyosagwa pamoja na unga wa kioo: kobalti inatoa bluu, chuma kinatoa nyekundu, na dhahabu (ndiyo, dhahabu!) inatoa waridi na zambarau. Unapaka juu ya kauri iliyokwisha kung'aa, kisha unaiingiza tanurini, kioo kiyeyuke kishikane na chombo. Shida ni kwamba kabla ya moto rangi nyingi hazina sura zitakazokuwa nazo baadaye. Unapaka shavu la Bikira Maria huku wekundu wake uko kichwani mwako tu. Ukiongeza tabaka, kauri inarudi motoni, na kila ikirudi inaweza kupasuka, kazi ya miezi ikaishia hapo. Mimi herufi ikienda kombo nachukua tambara na tina, dakika mbili, maisha yanaendelea.

Hesabu ya Brongniart sikubaliani nayo yote. Kauri haichujuki, sawa, lakini ikianguka? Mtumbwini kwetu isingemaliza wiki.

Wapo wanaombeza mama huyu kwamba alikuwa mnakili tu. Hao wangekuja Mwaloni nikawapa brashi na simba wa kwenye nembo ya Simba, wamchore tu afanane, tena kwa rangi wanayoiona.