Wakia Mbili Zilizopungua

Wageni wengi wakifika Makumbusho ya Taifa ya Bahari huko Greenwich hukimbilia koti la Nelson, amiri wa Jeshi la Majini la Uingereza, lile lenye tundu la risasi iliyomuua katika vita vya Trafalgar mwaka 1805. Mimi nilipanda treni kutoka London Bridge kwa ajili ya watu wasiowekewa chochote kabatini: makarani waliowalisha mabaharia wake.

Karatasi zao ziko Maktaba ya Caird, ndani ya makumbusho hayohayo. Kusoma ni bure. Unajiandikisha, unaagiza majalada mapema, na mezani unatumia penseli tu. Nililetewa buku nene la barua ambazo Bodi ya Chakula iliwaandikia wakuu wa Jeshi la Majini la Uingereza katika karne ya 18. Bodi hiyo iliundwa 1683, ikavunjwa 1832, na kwa muda wote huo kazi yake ilikuwa ng'ombe wa kuchinja, chumvi, mapipa, ngano, bia, na ugomvi wa nyama iliyooza kabla ya kufika mezani.

Posho ya baharia kwa wiki ilikuwa imeandikwa kama sheria: ratili 7 za biskuti, galoni 7 za bia, ratili 4 za nyama ya ng'ombe na 2 za nguruwe, painti 2 za njegere, painti 3 za unga wa oti, wakia 6 za siagi na 12 za jibini. Kwa maskini wa nchi kavu wa zama zile, hicho kilikuwa chakula kingi.

Lakini ratili ya melini haikuwa ratili. Kila mtu wa pwani yetu aliyewahi kusimama mbele ya mizani anajua ratili ni wakia 16. Mtunza ghala wa meli alipima 14. Sehemu moja ya nane aliruhusiwa kuibakiza, kufidia kinachovuja, kinachooza na kinacholiwa na panya. Wizi haukuhitajika, maana kanuni yenyewe ilishaukata mkono wa mlaji. Hapo nilisimamisha penseli kwa hasira. Mtu apande mlingoti usiku wa dhoruba, kisha panya wa ghalani wale kutoka kwenye sahani yake!

Aprili 1797, mabaharia wa Spithead, karibu na bandari ya Portsmouth, waligoma kutweka nanga. Walidai mshahara, na walidai ratili kamili ya wakia 16. Wakapewa vyote viwili, pamoja na msamaha wa mfalme. Miaka miwili kabla ya hapo wakuu walikuwa wamekubali pia maji ya limau yagawiwe melini dhidi ya kiseyeye, ingawa daktari James Lind alikwisha kuyajaribu malimau yenyewe tangu 1747.

Mchana nilitembea hadi Deptford, yalikokuwa maghala makuu ya Bodi. Yalifungwa 1961. Leo ni mtaa wa makazi uliopewa jina la Samuel Pepys, aliyesimamia chakula cha jeshi hilo miaka ya 1665 hadi 1667, na maghala ya ramu kando ya Thames yamegeuzwa nyumba za watu. Watoto walikuwa wakicheza mpira ukutani.

Sehemu kubwa ya karatasi za Bodi iko Kew, London, kwenye Nyaraka za Taifa. Nitakwenda huko kuzitafuta barua za watunza ghala za baada ya 1797, nione walijitetea vipi walipoondolewa zile wakia mbili.